Gari la Lynnet, Mdomo wa Elkana

"Kijana, fungua boneti tuone injini."

Mzee Odhiambo alisema hivyo akitabasamu, mikono nyuma. Gari jekundu, fupi, lenye viti viwili tu, lilikuwa limesimama katikati ya uwanja wake, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Elkana hakusita. Alivuta kishikio chini ya usukani, akazunguka mbele na kuinua boneti kwa madaha.

Ndani mlikuwa na tairi la akiba, jeki, na gambuti za kijani.

Mzee Mirumbe, mjomba wake Elkana, alishika kichwa.

"Mura, kijana wangu! Wamekuibia injini!"

Wanawake waliokuwa wakipakua chakula walicheka mpaka mmoja akaweka sufuria chini.

Lynnet, binti wa mzee Odhiambo, hakucheka. Alisimama mlangoni mwa jikoni na sahani ya samaki wa ngege mkononi, akiziangalia gambuti zake. Alizivaa kila siku katika kiwanda chake kidogo cha barafu, alikowauzia wachuuzi wa samaki wa Mfangano na Takawiri. Gari pia lilikuwa lake. Alilinunua likiwa limetumika, kwa bwana mmoja wa Kisumu aliyechoshwa na mafundi waliotafuta injini mbele huku imekaa nyuma ya viti.

Ijumaa, Elkana, fundi wa mageti mjini Migori, alikuwa amempigia simu.

"Mpenzi, niazime gari. Mjomba mgongo unamuuma, matatu itammaliza."

Alimpa ufunguo na neno moja la tahadhari.

"Uzito uko nyuma. Ukiwa katikati ya kona usiachie mafuta ghafla, gari litazunguka."

"Mimi nifundishwe kuendesha?"

Ndivyo alivyokuwa Elkana. Katika mapenzi yao yote hakuwahi kukubali kukaa kiti cha abiria Lynnet akiwa kwenye usukani. Migori wataniona vipi, alikuwa akisema.

Lakini Lynnet hakujua Elkana amesema nini kwao mpaka mchana huu, mjomba aliposimama kuwatambulisha.

"Sisi Wakuria hatuna maneno mengi. Gari mnaloliona hapo nje, kijana wetu amelinunua kwa jasho la kuchomelea mageti. Mtusamehe tumekuja wawili. Mama yake na shangazi zake walitaka kuja, lakini gari lina viti viwili."

Viti vilivyopangwa kwa ajili ya wageni vilikuwa safu mbili. Watu wanaokuja kuomba binti wa Mjaluo huja wengi, na wanawake mbele. Safu nzima ilikaa tupu. Mzee Odhiambo alikohoa ndani ya glasi yake. Gari hilo lililala katika boma lake kila siku. Ndipo alipowaalika wote nje waende kuliangalia.

Sasa alimgeukia binti yake.

"Nyathina, mwanangu, hebu tuambie. Gari hii ni ya nani?"

Elkana alimtazama Lynnet. Macho yake yalikuwa yanaomba, na Lynnet aliona jinsi neno moja dogo lingemwokoa. Aliona pia maisha yote yaliyobaki akiokoa watu kwa neno dogo kama hilo.

"Muulizeni Elkana," alisema.

"Ni... ni letu. Sisi wawili."

"Lenu wawili," mzee Odhiambo alirudia polepole, "na wewe hujui injini iko wapi. Hukuisikia ikinguruma mgongoni kwako kutoka Migori?"

"Nilidhani ni ekzosi."

Kicheko kililipuka tena. Elkana aliifunga boneti kwa kishindo na kuelekea getini. Lynnet aliweka sahani, akamfuata.

"Elkana!"

"Umeniaibisha mbele ya watu wenu!"

"Mimi? Nimesema nini?"

"Ndiyo hiyo! Hukusema kitu! Ungesema tu ni langu, ungepungukiwa na nini?"

"Ningepungukiwa na gari. Kisha kiwanda. Mtu akija kwetu ungemwambia barafu ni yako, mimi nakusaidia kuosha ndoo."

"Usiniwekee maneno mdomoni."

"Basi weka yako. Ukinioa, utawaambia watu mimi ni nani?"

Elkana aliangalia barabara. Alikuwa mtu wa maneno, anayeweza kumsifu mtu kwa mistari ya kubuni papo hapo. Sasa aliinua mkono tu. Alisimamisha bodaboda iliyokuwa ikipita.

"Na mjomba?" Lynnet aliuliza.

"Aje na mwenye gari."

Akaondoka.

Mzee Mirumbe alibaki peke yake mezani, kati ya watu wa lugha nyingine, na chakula cha watu kumi na zaidi mbele yake. Alikula kidogo kwa heshima. Kisha Lynnet akamwambia kwa upole, "Mzee, twende nikupeleke nyumbani."

Walipita mji wa Rongo, njiani kwenda Migori. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inang'aa. Kwenye kona ndefu mzee alishika mlango.

"Binti, huogopi?"

"Naogopa. Lakini nikiachia mafuta hapa ndiyo tutaanguka. Woga nauweka, mguu nauacha palepale."

Mzee alisikiliza ile sauti nyuma ya kichwa chake.

"Kweli iko hapa nyuma. Inanichoma mgongo." Alicheka kidogo. "Mimi ndiye niliyemwambia, mwanamume haendi kwa wakwe kwa gari la kuazima. Nilisema kwa hasira ya siku moja tu. Yeye akalichukua kama amri."

"Ungejua ni langu, ungekuja?"

"Ningelalamika. Halafu ningekuja." Alipangusa kioo kwa kiganja. "Kilichoniuma si gari. Nimesimama kwa watu, mzee mzima, nikasema uongo bila kujua ni uongo. Na dada yangu Nyakerario, mama yake, amekaa nyumbani na nguo yake mpya, eti viti havitoshi."

Simu ya Lynnet ilitoa mlio wa ujumbe. Alisimamisha gari kando ya barabara akasoma.

"Nimefika Migori. Sitaki kuongea. Mjomba amekula?"

Akajibu: "Amekula. Wewe ndiye hukula."

Akaliondoa gari tena.

Migori, karakana ya Elkana ilikuwa wazi ingawa ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameketi juu ya geti lisilokamilika, bila kazi mkononi. Mogire, jirani yake wa kuuza rangi, aliliona gari jekundu likisimama na Lynnet kwenye usukani.

"Ala! Elkana! Siku hizi unaachia wasichana gari yako? Itarudi na magurudumu kweli?"

Vijana waliokuwa wakicheza drafti waligeuka. Jumamosi nzima Elkana alikuwa amewazungusha mmoja mmoja mjini, mkono mmoja dirishani. Lynnet alizima injini. Hakushuka. 

Elkana alisimama. Shingo yake ilikuwa imevimba mishipa, na Lynnet alidhani atampiga Mogire.

"Si yangu," Elkana alisema.

"Unasemaje?"

"Gari si yangu. Ni ya Lynnet. Alinunua kwa pesa ya barafu. Mimi niliazima, nikawadanganya nyinyi, nikamdanganya na mjomba wangu."

"Aisee!" Mogire alipiga makofi. "Na vile ulituringia!"

"Cheka. Cheka umalize leo, kesho tuna kazi."

Mzee Mirumbe alishuka akinyoosha mgongo. Elkana alimwinamia.

"Mjomba, nisamehe. Nimekutuma kwa wakwe na maneno ya uongo."

"Mwombe mama yako kwanza."

Elkana alipiga simu papo hapo, akaweka sauti kubwa mbele ya wote.

"Mama, lile gari si langu. Nimewaacha nyumbani kwa ajili ya ufahari wa bure."

"Kwani nani alikuwa anataka gari?" Nyakerario alijibu. "Si ungesema tukodi matatu, twende wote tukiimba?"

Elkana alikata simu, akaja dirishani kwa Lynnet. Kwa sababu gari lilikuwa chini sana, ilimbidi apige goti ndipo waonane.

"Umeniuliza wewe ni nani. Sina jibu zuri bado."

"Toa baya."

"Wewe umenizidi, na mimi nilikuwa nalificha hilo kila siku. Nimechoka kulificha. Nataka kurudi kwa baba yako na mama yangu mbele, niseme hivyohivyo kwa mdomo wangu. Nikifukuzwa, nifukuzwe nikiwa nimesema ukweli."

Lynnet alimtazama. Uso wake ulikuwa na matope ya barabara, na kwa mara ya kwanza haukuwa na ubishi.

Simu ya Lynnet iliita. Alikuwa baba yake.

"Nyathina, mzee amefika salama?"

"Amefika, Baba."

"Na yule mwingine?"

Elkana bado alikuwa kwenye goti, vijana wakimtazama, naye hakujali. Lynnet alitabasamu.

"Naye amefika, Baba. Sasa hivi tu."