Unga Umelala, Mtoto Hajalala

Kulikuwa bado giza. Mama mwoka mikate alikuwa ameshamaliza kukanda unga. Aliufunika kwa kitambaa safi, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Kisha akaenda kugonga mlango wa binti yake.

"Kishada, amka. Mbio hazikimbiwi kitandani."

Walimwita Kishada kwa wepesi wake. Alikimbia kila asubuhi, akakimbia tena kila jioni. Mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia, na hakuna siku aliyopumzika.

Asubuhi hiyo alitoka akichechemea.

"Mama, mguu unauma. Hata nikilala unauma."

Moyo wa mama ulishtuka. Lakini alijiambia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Akampaka mafuta, akamkanda mguu.

"Ni uchovu tu, mwanangu. Ukikimbia utalainika."

Kishada akaenda.

Kulipopambazuka, muuguzi wa jirani alipita kununua mkate. Alikuwa ametoka zamu ya usiku zahanati. Aliubonyeza unga kwa kidole.

"Si uutie tu kwenye tanuri, mwenzangu? Nina njaa kama fisi."

"Toa mkono. Unga umelala huo. Ukiuharakisha utakula jiwe."

Walikuwa bado wanacheka Kishada alipoingia ameshika ukuta. Kicheko kikakatika. Muuguzi alimkalisha, akambonyeza mguu polepole, kuanzia gotini kushuka chini.

"Hapo, shangazi. Hapo hapo," alisema Kishada, machozi yakimlengalenga.

Muuguzi alimgeukia mama. "Huyu anapumzika lini?"

"Apumzike na mashindano yamefika? Si ataachwa na wenzake?"

"Mwenzangu, unga wako unaumuka ukiukanda, au ukiuacha?"

Mama alikitazama kile kitambaa. "Nikiuacha," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi na mtoto ni hivyo hivyo. Mazoezi ni mazuri, lakini yanachosha misuli na mifupa. Mwili unajijenga akila vizuri, akilala vya kutosha, akipata siku za kupumzika. Asipozipata, mfupa unaweza kupata ufa. Maumivu ya mahali pamoja, yasiyoisha hata akilala, usiyakande. Mlete zahanati."

Walikwenda siku hiyo hiyo. Mfupa ulikuwa umeanza kuumia. Ungevunjika kama angeendelea. Mganga wa zahanati alikataza mbio mpaka mguu upone.

Mama alikaa kwenye benchi akalia. Alikuwa ameambiwa na mtoto mwenyewe, kwa kinywa chake, na hakusikia.

"Usilie, mama," Kishada alimpapasa bega. "Mguu ni wangu, unalia wewe?"

Mashindano yalipita bila yeye. Iliuma, lakini iliisha. Mganga alipomruhusu, alianza kwa kutembea. Baadaye akakimbia kidogo, siku moja akikimbia, siku ya pili akipumzika. Mashindano yaliyofuata alishika nafasi ya pili. Akarudi nyumbani na mama yake aliyekuja kumshangilia, amembebea kikapu cha mikate, hachechemei hata kidogo.

Siku iliyofuata mama alikanda unga, akaufunika. Akafika kwenye mlango wa binti yake, akainua mkono kugonga. Akaushusha. Aliingia kwa kunyata, akamvutia shuka miguuni.

"Mama," sauti ilitoka chini ya shuka, "nisipoumuka je?"

"Utaumuka. Lala."