Chumba cha Mtu Mmoja

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema hili halitoki mdomoni mwako. Haya, sogea, na hiyo simu yako izime kabisa, mwanangu.

Kuna fundi cherehani mmoja, mwembamba kama uzi wake, mumewe fundi rangi. Mume ana mkono mwepesi, unanielewa. Yule dada shingo haikosi mtandio hata jua likiwaka. Basi akaamua kutoroka. Hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Akawa anatafuta chumba kwenye simu, akimaliza anafuta, anajiona mjanja kweli.

Jioni moja, giza linaingia, mume akamtuma mkate. Aliporudi, akamkuta mume amekalia kiti cha cherehani, anatazama simu yake mwenyewe.

"Mke wangu," akasema taratibu, "nani humu ndani anatafuta chumba cha mtu mmoja?"

Mkate ukamdondoka.

"Hayo matangazo tu, baba... kila mtu analetewa."

"Kila mtu." Akacheka puani. "Na begi la magurudumu? Na kufuli la ndani? Kumbe nasafiri, mwenyewe sina habari."

Ujue simu ya yule dada ilikuwa kuukuu ya mumewe. Alipompa, hakutoa jina lake mle ndani. Kwa hiyo mke akitafuta huku, matangazo yanabisha hodi kule kwa mume. Hilo hata mimi nililielewa, na shule niliichungulia dirishani.

Lililofuata ndilo sikulielewa.

Mume akamgeuzia kioo cha simu. Picha ya chumba: kitanda kimoja, dirisha moja, pazia la maua ya zambarau. Pindo limeshonwa mara mbili, vile vile anavyoshona yeye.

Kitambaa hicho kilikuwa mezani, palepale mbele yao.

Hakijakatwa.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, na hakuna kilichokuwa kikiungua...

Kesho yake mume alipokwenda kazini, dada akaitumbukiza simu kwenye ndoo ya maji, akaondoka na nguo alizovaa. Akafika mji wa mbali. Chumba alikipata kwa mdomo wake, akiuliza nyumba hadi nyumba. Hana simu, hana hata redio. Jua lilipozama akajifungia, akakaa sakafuni, akanong'ona:

"Hapa hanioni."

Tii...

Mlio kama wa simu ulitoka ukutani. Ukuta mtupu, hauna hata msumari. Harufu ile ikaingia polepole. Kisha sauti ya kike, tamu, kama ya muuza manukato, ikanong'ona. Lakini haikuwa ikisema naye.

"Bado unamtafuta? Yuko karibu nawe."

Tangu hapo hakuna aliyemtia machoni.

Sasa utaniuliza nimeyajuaje ya mle ndani, na yule dada alikuwa peke yake. Mumewe ndiye kanisimulia. Jana, hapo hapo ulipokaa. Kanipa mpaka ule mnong'ono, neno kwa neno, huku akipangusa kioo cha simu kwa kidole gumba, taratibu... kama mtu anayemfuta mwenzake machozi.