Baba Kreni Anunua Hisa za Meli

Kila asubuhi Baba Kreni hunywa chai akiwa amesimama. Kazi yake ni kuendesha kreni bandarini, na kutwa nzima hukaa kwenye kiti kidogo kule juu. Akiwa nyumbani, kiti hataki hata kukiona. Mke wake, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, hushona ovaroli kwenye chumba cha mbele.

Miaka iliyopita uchumi ulilala, na meli zikawa za kuhesabu. Sasa uchumi umeamka. Meli zimerudi, kazi zimerudi, na cherehani ya Fundi haipoi. Furaha ya nyumba hiyo, acha tu.

Asubuhi moja Baba Kreni aliweka kikombe chini.

"Fundi, nina wazo. Hisa za ile kampuni ya meli zinauzwa. Tununue."

"Kwa pesa ipi?"

"Si tuna akiba?"

Cherehani ikanyamaza. Akiba hiyo ilikuwa ada ya chuo ya binti yao. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na masomo yangeanza mwaka unaofuata.

"Pesa ya mtoto?" Fundi aliuliza.

"Itarudi, tena na nyingine juu yake! Mimi naona kwa macho yangu. Nikiwa kule juu, uwanja wote ni makontena. Wenzangu wanasoma magazeti, mimi naangalia chini tu."

Tayari alikuwa amejipa cheo cha mchumi. Fundi hakutaka ugomvi.

"Jioni twende kwa jirani," alisema. "Akisema sawa, nitanyamaza."

Jirani huyo alifanya kazi kwa dalali wa hisa, yaani ofisi inayowanunulia na kuwauzia watu hisa. Alikuwa dada mcheshi, lakini hakupenda maneno ya kuzungukazunguka. Waliingia wakamkuta anamenya viazi. Aliwasikiliza huku akiendelea kumenya.

"Shemeji, tuelewane kwanza," alisema. "Hisa ni kipande cha kampuni. Ukinunua, na wewe ni mmoja wa wenye kampuni. Ikipata faida, inaweza kukugawia. Pesa hiyo inaitwa gawio. Hisa ikipanda bei, unaweza kuiuza ukapata zaidi. Ikishuka, hasara ni yako, na hakuna wa kumlilia."

"Haitashuka. Uwanja umejaa!"

"Umejaa makontena yenye mizigo, au matupu?"

Baba Kreni alikohoa. Kreni humwonyesha uzito wa kila kontena, kwa hiyo jibu alikuwa nalo.

"Mengi ni matupu. Yanasubiri kurudishwa."

"Basi. Kampuni hulipwa vizuri kwa kontena lenye mzigo. Kulirudisha tupu ni gharama. Uwanja kujaa hakukuambii faida ni kiasi gani. Faida tutaitafuta kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni. Nitakusaidia kuisoma."

"Lakini uchumi si umeamka?"

"Umeamka, na meli zinafaidika. Wazo lako si baya hata kidogo. Ila wapo walionunua mapema, na bei imeshapanda. Tena biashara ikiwa nzuri, kampuni nyingi huagiza meli mpya. Meli zikizidi mizigo, bei ya kusafirisha inashuka. Faida inapungua, na hisa zinaweza kushuka pia."

Jirani aliweka kisu chini.

"Sasa niambie, mshahara wako unatoka wapi?"

"Bandarini."

"Na wewe Fundi, ovaroli unamshonea nani?"

"Watu wa bandarini," Fundi alijibu polepole. Kisha akamgeukia mumewe. "Unakumbuka? Meli zilipokosekana, wewe ulipunguziwa zamu, na mimi wateja wakapotea. Yote kwa pamoja."

"Mnaona?" jirani alisema. "Nyumba nzima imepanda meli moja. Sasa mnataka kumpakia na mtoto."

Baba Kreni aliingiwa na hofu, hofu ya kweli. Miaka yote alikuwa akipakia mizigo ya watu, na hili hakuwahi kuliwaza.

"Kwa hiyo tusinunue?"

"Nunueni, kwa nini msinunue? Lakini pesa yenye kazi karibuni isiguswe. Ada ikae benki. Ile mnayoweza kuiacha miaka kadhaa, nunueni hisa kidogo kidogo. Chukueni chache za meli, na nyingine za kampuni zisizotegemea meli. Pitieni kwa dalali mwenye leseni. Na mtu akiwaahidi faida ya uhakika, mkimbieni."

"Hata ukiwa wewe?"

"Hata nikiwa mimi! Tena mkimbie sana!"

Walicheka wote, na viazi vikachelewa kuiva.

Wakafanya hivyo. Ada ilikwenda benki. Malipo ya zamu za ziada yalinunua hisa kila mwezi: chache za meli, nyingine za kampuni ya umeme na za kiwanda cha dawa. Kampuni ya meli ilipotoa gawio, Fundi alinunua pasi mpya. Kila mgeni alionyeshwa pasi hiyo, apende asipende.

Mwaka uliofuata, meli mpya zikawa nyingi. Bei ya kusafirisha mizigo ilishuka, na hisa za meli zikashuka nazo. Mfanyakazi mmoja mwenzake Baba Kreni alikuwa ameweka akiba yake yote humo. Kodi ya nyumba ilimbana, ikabidi auze kwa hasara. Baba Kreni alimwonea huruma sana, maana alijua angeweza kuwa yeye. Yeye hakuuza. Kampuni bado ilikuwa inapata faida, na pesa ile hakuwa na haraka nayo.

Wiki hiyohiyo walimpeleka binti yao chuoni. Ada ilikuwa imelipwa yote. Fundi alitangulia na ndoo, huku akifuta machozi na kucheka. Baba Kreni alihangaika na godoro langoni.

"Baba," binti alisema kwa wasiwasi, "nimesikia redioni hisa za meli zimeshuka."

"Zimeshuka," baba yake alisema. "Shika godoro upande ule, tuingie."