Kawthar Aligongwa Ubavuni, Akasema Hajambo

Mimi ni Munir, fundi wa mafriji, mkaazi wa Mpendae. Mke wangu ni Kawthar, mpambaji wa maharusi. Mikono yake ina sifa mji mzima. Mimi kazi yangu siku za harusi ni moja tu: kumpeleka yeye na vifaa vyake kwenye kigari chetu, kisha kukaa nje na kungoja.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunakwenda Kizimkazi. Bibi harusi alikuwa anangoja hina. Kawthar alikaa kiti cha mbele, upande wa kushoto, na mkoba wake wa kazi mapajani. Mkanda alifunga. Mama yangu, Bi Dalal, alitusindikiza mpaka mlangoni.

"Msikimbie na gari," alituambia.

"Hatukimbii, Mama," nilimjibu.

Na kweli hatukukimbia. Hata barabara kubwa hatukuifikia. Kwenye njia panda penye duka la mkate, gari nyeupe ilitokea njia ya ndani, mkono wa kushoto. Haikusimama. Niliiona pua yake tu, kisha nikasikia kishindo. Gari yetu ilisukumwa upande mzima. Vioo vilimwagika. Hina ilitapakaa kila mahali. Mlango wa Kawthar ulikuwa umeingia ndani na kumbana mbavu.

"Kawthar!" nilipiga kelele.

Alinitazama tu. Hakulia.

Kwenye ile gari nyeupe alishuka mzee wa kanzu. Nilimtambua. Alikuwa Maalim Jecha. Ndiye aliyenisomesha Qurani mimi, na sasa anawasomesha wanangu.

"Subhanallah! Kawthar, mwanangu! Hujambo?" aliuliza.

Na mke wangu, mlango umembana, alimjibu:

"Shikamoo, Maalim. Sijambo, alhamdulillah."

Jamani! Mtu kagongwa na gari, bado anatoa shikamoo! Lakini ndivyo tulivyolelewa. Salamu kwanza, shida baadaye. Mtu wa kwetu hata awe na homa ya siku tatu, ukimuuliza hujambo, atakujibu sijambo.

Kawthar alitokea upande wangu, taratibu, ameshika mbavu. Akaenda kukaa kwenye baraza ya duka. Polisi wa barabarani alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye adabu.

"Hujambo, mama?" alimuuliza Kawthar.

"Sijambo," alijibu Kawthar.

Polisi akaandika. Kisha akanigeukia mimi. "Kuna aliyeumia?"

Nilimtazama Maalim. Alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Niliona haya. Nimtie mwalimu wangu mashakani mbele ya watu?

"Hakuna, afande," nilisema. "Tushasameheana. Huyu ni mwalimu wetu."

Nilipewa karatasi, nikatia saini. Sikuisoma. Kawthar alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwangu, nami sikumuuliza kitu.

Tulirudi nyumbani. Kawthar alimpigia simu bibi harusi, akamtaka radhi. Kisha akajilaza. Baada ya adhuhuri alianza kulalamika.

"Bega linaniuma," alisema. "Hili la kushoto."

"Umegongwa mbavu. Bega limeingiaje?" aliuliza Mama. "Hiyo baridi. Njoo nikukande."

Mama alikwishafungua chupa ya mafuta ya karafuu tuliposikia hodi. Alikuwa Bi Tabia, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Bi Tabia ni msaidizi wa sheria. Amefunzwa kuwaelewesha watu haki zao na kuwaongoza mahali pa kuzidai. Hatozi kitu. Alisikia habari ya ajali, akaja kutupa pole.

"Shikamoo, Bi Dalal."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tabia alimshika Kawthar mkono, akastuka. "Mbona mkono baridi hivi? Na jasho linakutoka! Midomo yako haina rangi. Kawthar, hujambo?"

"Sijambo, dada."

"Una jambo!" Tabia alipiga kelele, hata mimi nikaruka. "Una jambo kubwa! Bi Dalal, nakuomba usimkande. Munir, tafuta gari. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

Nilibabaika. "Lakini mtu wa ajali hatibiwi bila fomu ya polisi. Ndivyo nnavyosikia."

"Hiyo fomu inaitwa PF3, na tutaihitaji," alisema Tabia. "Lakini mtu akiwa na hali mbaya hutibiwa kwanza. Wewe utakwenda kuifuata leo leo, yeye akiwa mikononi mwa daktari. Kimbia!"

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke, Daktari Bashira. Alimwinamia Kawthar kitandani.

"Hujambo, bibie?"

Kawthar alifungua mdomo. Niliiona kabisa ile sijambo inakuja! Tabia akamminya mkono. Kawthar akaimeza. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, machozi yakamtoka.

"Nna jambo, daktari," alisema. "Mbavu zinaniuma tangu asubuhi. Nikivuta pumzi kama nachomwa. Tumbo limekuwa gumu. Na nnaona kizunguzungu."

Tangu asubuhi! Nilimpeleka nyumbani, nikamwacha amelala, nikaenda zangu kutafuta fundi wa mlango wa gari. Mlango!

Walimpiga picha ya tumbo. Daktari hakukawia kurudi.

"Mbavu mbili zimevunjika," alisema. "Na bandama imepasuka. Bandama ni kiungo laini, kiko chini ya mbavu za kushoto. Damu inavuja ndani ya tumbo. Lazima apasuliwe sasa."

"Lakini ngozi haikukatika! Hata tone la damu sikuliona!" nilisema.

"Ndiyo hatari yake. Gari ikikugonga kwa mbele, kuna injini kati yako na hiyo gari. Ikikugonga ubavuni, kuna mlango tu. Mtu anaumia ndani, kwa nje anaonekana mzima. Saa zinapita, damu inajaa."

"Na bega? Bega halikugongwa."

"Damu ikijaa chini ya mbavu, maumivu husikika begani. Mtu aliyegongwa ubavuni akisikia bega linauma, akitoka jasho baridi, au tumbo likiwa gumu, aletwe hospitali mbio. Asikandwe. Kumkanda kunaweza kuzidisha damu kuvuja."

Alinitazama usoni. "Mngengoja kesho, bwana, mngeleta maiti."

Nilimshika Kawthar mkono mpaka walipomchukua.

Kawthar alipasuliwa. Bandama ilitolewa, damu ikasimama, akapona. Siku ya pili alifumbua macho akaniuliza kama watoto wamekula. Nililia, tena sana, na wala sioni haya kusema.

Alipopata nafuu, Tabia alikuja na daftari lake.

"Munir, ulitia saini nini siku ile?"

"Karatasi ya polisi."

"Iliandikwa nini?"

"Sijui. Sikuisoma."

Tabia alifunga daftari. Tulikwenda kituoni pamoja. Tuliomba tusomewe maelezo. Yalisema hivi: magari mawili yamegongana, abiria hajambo, hakuna aliyeumia, pande mbili zimesameheana. Chini yake jina langu, na saini yangu nzuri ya kifundi.

"Basi tena," nilisema. "Nshaharibu."

"Umeharibu, lakini si basi," alisema Tabia. "Yaliyoandikwa hayafutwi, ila huongezewa. Utatoa maelezo ya nyongeza. Kawthar naye atatoa yake kwa mdomo wake. PF3 uliyoifuata siku ile, iliyojazwa na daktari, itashuhudia. Na muuza duka la mkate aliona, jina lake nshaliandika. Siku nyengine, chukueni majina ya mashahidi palepale, mpige picha za magari, na mwandike namba ya stika ya bima. Na kamwe msiandike kuwa hamna madai kabla daktari hajamtazama mtu."

Nilikuwa na dukuduku. "Bi Tabia, nitamdai vipi Maalim? Yule ni mzazi wangu. Atauza nini?"

"Nani kasema auze? Gari yake ina bima. Sheria inataka kila gari iwe nayo. Bima hiyo ni ya watu atakaowaumiza, na Kawthar ni mmoja wao. Abiria ana haki hiyo, hata gari aliyopanda iwe ya mumewe. Mambo yakiwa mazito, nitakupelekeni kwa wakili wa msaada wa kisheria. Naye pia ni bure kwa asiyejiweza."

Jioni tulikwenda kwa Maalim. Nilisema kwa kuumauma maneno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaguna.

"Kumbe stika ile ndiyo kazi yake? Miaka yote naikata nikidhani ni ya kuwaonesha trafiki!"

Tulicheka kidogo. Kisha akainamisha kichwa.

"Munir, mimi sikusimama pale njia panda. Nilikuwa nimechelewa chuoni, watoto wa Qurani wananingoja. Mkeo aliposema hajambo nilifurahi, nikalishika neno lake, kwa kuwa nililitaka. Kesho nnakwenda kituoni. Nitayasema yote."

Na kweli alikwenda, kavaa kanzu yake ya Ijumaa. Alisema mbele ya askari: "Kosa ni langu. Andikeni."

Tulipeleka madai, lakini watu wa bima hawakukubali mara moja. Walituletea barua: karatasi ya kwanza inasema hakuna aliyeumia, mbona leo kuna mgonjwa? Kusoma maneno yangu mwenyewe kwenye barua ile, nikatamani ardhi ipasuke. Tabia alitupeleka kwa yule wakili wa msaada, naye akawajibu. Alipeleka ripoti ya daktari, maelezo ya nyongeza, na maneno ya Maalim. Miezi ilipita. Kawthar hakuweza kuinama, na hina hupakwa kwa kuinama. Wateja walikwenda kwengine.

Mwishowe tuliitwa ofisini kwao. Ofisa alisukuma karatasi mbele yangu.

"Baba, tia saini hapa kuwa mmeridhika."

Mkono wangu, wallahi, ulianza kwenda wenyewe. Kawthar akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Nnaomba niisome," alisema.

Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Sote tulingoja.

"Hapa mmeandika matibabu tu," alisema. "Miezi niliyokaa bila kazi iko wapi? Na daktari kasema sina bandama tena, kila nikipata homa lazima nikimbilie hospitali. Hilo nalo liko wapi?"

Ofisa alimtazama wakili. Wakili alitabasamu tu. Tulirudi nyumbani bila kutia saini. Baada ya wiki tatu tuliitwa tena, na safari hii kila jambo lilikuwamo. Kawthar alisoma yote, kisha akatia saini yeye.

Sasa amerudi kazini. Maharusi wanamfuata hata kutoka Mkokotoni. Maalim akifika njia panda husimama kabisa, hata kama hakuna gari, na madereva wa nyuma humpigia honi mpaka wachoke. Mama hakandi mtu wa ajali. Nami sitii saini nisichokisoma.

Lakini siku moja nilimtania mke wangu. Nilimwambia, "Wewe nawe na sijambo yako! Ilibaki kidogo ikuue."

Kawthar aliweka chini piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, aliyokuwa anaikoroga. Hakucheka.

"Mimi nilijibu salamu, Munir," alisema. "Aliyetia saini kuwa niko mzima, ni wewe."