Orpah Nyuma ya Magunia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kemuma alichuma maua ya pareto pamoja na mama yake, Nyanchera, katika shamba lao karibu na Nyaramba. Mdogo wake Orpah, mwenye miaka minane, alibaki nyumbani. Polio ilikuwa imempoozesha miguu. Jioni Kemuma alimfundisha kuandika kwa kijiti mchangani, na Orpah alishika haraka kuliko yeye!

Desemba ya 1973, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Januari watoto wa darasa la kwanza hadi la nne watasoma bila karo. Walimu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Lakini sokoni watu walinong'ona kwamba watoto walemavu wakiandikwa watapelekwa mbali, wasirudi tena.

Mama alipomwona Mwalimu Okeyo akipandisha baiskeli mlimani, alimbeba Orpah mbio hadi ghala la pareto, akafunga mlango.

"Ukimtaja, hutamwona tena," alimwambia Kemuma.

Mwalimu alifika, akasalimu, akafungua daftari. "Mama Kemuma, una watoto wangapi?"

"Ni huyu mmoja tu."

Mwalimu akafunga daftari. Kemuma aliutazama mlango wa ghala. Akisema, huenda Orpah atachukuliwa. Akinyamaza, Orpah hatasoma kamwe. Aliogopa yote mawili.

"Mwalimu, tuko wawili," alisema. "Orpah yuko ghalani."

Mama alipiga yowe. Kemuma alipofungua mlango, walimkuta Orpah amejikunja nyuma ya magunia. "Msinichukue!" alilia. "Mama, usiwape!"

Mwalimu alichuchumaa pale mlangoni, hakuingia. "Hakuna wa kukuchukua, mwanangu. Unaitwa nani?"

Orpah alimtazama dada yake, kisha akaandika jina kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Mwalimu akamsogezea daftari na kalamu. "Basi liandike na hapa."

"Na mlima huu ataupandaje?" mama aliuliza huku akilia.

"Napita hapa kila asubuhi. Baiskeli yangu ina kiti cha nyuma. Tangazo ni la kila mtoto, mama, si la wenye miguu mizima tu."

Jumatatu Orpah aliondoka akiwa ameshikilia shati la mwalimu kwa mikono miwili. Mama alimvuta Kemuma karibu.

"Niliogopa watu watampeleka mtoto wangu mbali na kumfungia," alisema. "Kumbe aliyemfungia ni mimi. Wewe pia uliogopa, lakini ulisema kweli. Endelea hivyo hivyo, hata siku ukitetemeka."