Mpekuzi na Mwosha Maiti

Mashine ya Mpekuzi ilihitaji kiganja tu. Mwombaji kazi akikiweka juu ya kioo, ilipitia macho-mtaa yote ya jiji la Tanga, yale macho ya chuma yaliyotundikwa kila kona, ikayakusanya maisha yake na kuyamwaga mezani kabla hajakaa vizuri kitini. Waajiri wote waliitumia hiyo hiyo, kwa hiyo aliyekataliwa mahali pamoja alikuwa amekataliwa kila mahali. Watu waliisifu kwamba imemaliza mambo ya kujuana. Kweli iliyamaliza, maana hakuna aliyemjua mwenzake tena.

Mhandisi Idrisa Shekue, mmoja wa walioijenga, sasa alikaa dawati la rufaa, wanakokuja waliokataliwa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, na alikuwa amechoka kusikiliza.

Bi Hidaya Mbaruku aliingia ameshika kiuno. Alikuwa ameomba kuwahudumia bibi wagonjwa katika Nyumba ya Wazee, kazi yenye mshahara na chumba. Chumba ndicho alichokitaka zaidi. Alilala sebuleni kwa mkwewe, na kukunja godoro kila alfajiri kulikuwa kumemchosha mwili na roho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mimi mtu wa hatari."

Idrisa akasoma. Mpekuzi ilikuwa imemwona akiingia nyumba hii na ile mara tu mtu anapofariki, kisha akifungiwa chumbani pamoja na marehemu.

"Mimi mwosha maiti," alisema Bi Hidaya. "Mwanamke akifariki mtaani kwetu, naitwa. Hii mashine yenu haijawahi kufiwa?"

Idrisa na wenzake waliifundisha Mpekuzi wizi, ulevi na ugomvi. Kuosha maiti hakuna mshahara, hakuna cheti wala bosi, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuifundisha. Ilibaki njia moja: mwombaji ataje jambo aliloliona mle chumbani, mashine ililinganishe na kumbukumbu za hospitali. Likilingana, jina lake linasafishwa.

"Kovu tu, mama. Hata alama ya kuzaliwa inatosha."

"Ya maiti hayasemwi."

"Hayatatoka humu ndani."

"Yakitoka kinywani mwangu yameshatoka."

Mpekuzi ikachagua yenyewe mmoja wa marehemu aliowaosha. Kwenye kioo likatokea jina: Mwanahawa Shekue, Chumbageni.

Lilikuwa jina la mama yake Idrisa. Alifariki Idrisa akiwa kwenye kituo cha angani, akifunga mitambo, na chombo cha kumrudisha kilifika watu wameshatoka makaburini. Dada zake walimwambia alilala tu, hakuamka. Hakuwahi kuwaamini.

"Marehemu alikuwa na alama gani mwilini?" Mpekuzi iliuliza.

Bi Hidaya alilitazama jina, akamtazama mhandisi. Pua ilikuwa ile ile.

"Ijibu, mama," Idrisa alisema. "Au niambie mimi. Aliumia?"

"Wewe mwanawe hupaswi kabisa kuniuliza hilo. Nilimwosha, nikamkafini, nikamfunika. Basi."

Idrisa alijua Bi Hidaya angenyamaza vivyo hivyo hata kama hapakuwa na lolote. Mtu wa namna hiyo ndiye ambaye angependa amgeuze mama yake kitandani, kama angekuwa hai. Akajaribu kuandika hivyo, lakini Mpekuzi haikupokea ushahidi wa mfiwa. Iliandika: ANAFICHA. ASIAJIRIWE. Bila kidole chake kuthibitisha, lango lisingefunguka kwa waliokuwa wakisubiri nje. Akaweka kidole. Aliona aibu, lakini alikiweka.

Bi Hidaya akainuka kwa kujikongoja.

"Mama," Idrisa alimwita, yule mama ameshafika mlangoni. "Dada yangu mkubwa anaumwa sana. Siku ikifika tukikuita, baada ya haya yote, utakuja?"

"Nitakuja," alisema, akijitanda mtandio wake. "Sisi hatuulizi mtu alikuwa nani."