Mkeka wa Nahla

Mama yangu mdogo, Mwanawema, ni fundi cherehani hapo Wete. Haya yalimfika yeye, na alinisimulia mwenyewe. Jumatano moja asubuhi alikuwa akipinda ukingo wa baibui la mteja, mara mlangoni akasimama Bi Saada wa Tumbe. Walikuwa hawajasemezana miaka ishirini na mbili.

Katika usichana wao, hawa wawili na Ummkulthum wa Pujini walikula kiapo cha uchawi pamoja. Kisha Ummkulthum akamtoa kafara Hafidh, mdogo wake wa tumbo moja, ili apande cheo katika chama chao cha wachawi. Saada alitaka kusema. Mama mdogo akamzuia, kwa woga. Wote wawili walitubu, wakajitoa, lakini Saada hakumsamehe Mama mdogo kwa kumzuia.

"Mwanangu Nahla hajanyanyuka kitandani siku ya kumi na moja leo," alisema Saada. "Ummkulthum amsukia mkeka wa mauti, nimemwona; ukiisha, naye kwisha. Peke yangu simuwezi."

Mama mdogo aliondoa mguu kwenye cherehani. "Mara hii sinyamazi. Twende."

Walifika Pujini jua la utosi. Ummkulthum alikuwa barazani, anasuka. Rika lao ni moja, lakini uso wake ulikuwa ule ule wa usichana. Mkeka ulibaki shubiri moja kwisha. Saada aliutazama, akaujua urefu wake. Ulikuwa kimo cha mwanawe.

"Mwaja kuniletea mtoto?" aliuliza Ummkulthum, kwa sauti ya chini.

"Twaja kukukataza," alijibu Mama mdogo. "Kiapo chasema hatulani sisi kwa sisi. Ukitaka wa kumlaza, tulaze sisi, uvunje kiapo."

Akavua viatu, akajilaza juu ya mkeka. Saada akalala ubavuni mwake. Wakashikana mikono.

Baridi ikawapanda mgongoni. Nje ya baraza jua kali. Juu ya bati la baraza kitu kikaanza kutembea. Kizito. Kikasimama sawa na vifua vyao.

Sauti ya mtoto ikanong'ona sikioni mwa Mama mdogo: "Dada Mwanawema, mbona hukusema?"

Alikuwa Hafidh.

Machozi yalimtoka. Hakuinuka.

"Nilikosa, Hafidh. Leo nasema." Akapaza sauti mpaka nyumba za jirani. "Ummkulthum binti Talib, ulimtoa mdogo wako. Ulimtoa Hafidh. Na mimi nilijua."

Milango ikafunguliwa. Watu wakatoka. Siri ya uchawi ikishatajwa hadharani, nguvu yake huisha. Chini ya migongo ya wale wawili ukili wa mkeka ukaanza kufumuka wenyewe, mmoja mmoja. Juu ya bati kukanyamaza. Na pale barazani uso wa Ummkulthum ukakunjamana, mpaka ukawa wa ajuza.

"Sasa nibaki na nani?" alinong'ona.

"Ungemuuliza Hafidh," alisema Saada.

Saa ile ile, kule Tumbe, Nahla aliketi kitandani akataka uji. Lakini kucha zake zilijaa udongo mwekundu, kama wa Pujini alikozikwa Hafidh, naye hakuwa amegusa ardhi, na Tumbe kwao ni mchanga mweupe mtupu. Mama mdogo na Saada wakazikata. Ijumaa zikajaa tena.

Nilimuuliza Mama mdogo kama haogopi.

"Naogopa. Lakini kila Ijumaa nakwenda, na wembe wangu."

Ijumaa iliyopita nilifuatana naye. Nilizikata mimi kucha za Nahla. Udongo ulikuwa bado mbichi.